Pimbi, Kima na Nyumba ya Maji

Hodi hapa mlipokaa.

— Karibu.

Hodi tena.

— Karibu, umebeba nini?

Nimebeba hadithi, haina kifuniko.

— Basi imimine kabla haijamwagika.

Hapo zamani, zamani za mbali, wakati wanyama walikuwa na adabu nyingi kuliko akili, palikuwa na nchi ya vilima vyeupe. Mawe ya vilima hivyo yalikuwa ya chokaa, yamejaa matundu kama mkate wa kumimina. Mvua ilinyesha, lakini haikukaa. Ilishuka, jiwe likaimeza. Ilishuka tena, jiwe likaimeza tena. Asubuhi ukitoka kutafuta dimbwi, huoni hata pa kulowesha ulimi.

Maji ya kunywa yalikuwa mahali pamoja tu. Palikuwa na pango, na ndani ya pango palikuwa na chemchemi iliyoitwa Jicho la Maji. Maji yalitokea kwenye ukuta wa kulia, yakakatiza sakafuni hatua saba za pimbi, yakaingia kwenye tundu la ukuta wa kushoto, yakaenda zake. Nje hayakutoka hata tone. Yalikuwa baridi, yalikuwa matamu, na ukiyachemsha yaliacha ukoko mweupe ndani ya chungu.

Sasa sikilizeni desturi ya nchi hiyo, maana hadithi yote imesimama juu yake. Ukienda mahali penye mlango, unapiga hodi. Ukiambiwa karibu, unaingia. Usipoambiwa, unapiga ya pili. Kukiwa kimya, unapiga ya tatu. Kukiwa kimya tena, unageuka, unakwenda zako. Hakuna hodi ya nne. Hodi ya nne ni wizi.

Na Jicho la Maji lilikuwa na mlango.

Kwa miaka mingi hapakuwa na tabu. Kwa ndani, karibu na mlango, alikaa Bibi Kobe. Mnyama akifika na kibuyu chake akasema, "Hodi," Bibi Kobe alisema, "Karibu." Mnyama akaingia, akanywa, akachota, akaaga. Hakuna aliyekumbuka Bibi Kobe alihamia lini. Hata mama zao hawakukumbuka.

Siku moja Bibi Kobe akapata mwaliko wa harusi ya mjukuu wake, vilima viwili kutoka hapo. Akajipaka mafuta gambani, akasema, "Nitarudi kesho kutwa," akaondoka. Jioni yake walikuwa bado wanamwona. Kesho yake walikuwa bado wanamwona. Siku ya tatu wakamwona kwa shida, anapotea nyuma ya jiwe kubwa.

Katika nchi hiyo aliishi Pimbi. Alikuwa amejifungua watoto watatu kwa mpigo, ndiyo maana kila mtu alimwita Mama Watatu. Mumewe alikuwa amekwenda upande wa pili wa vilima kuangalia kama mvua ya huko inakaa chini. Alikuwa hajarudi. Pimbi alibaki peke yake na vinywa vitatu vya kunyonyesha, na anayenyonyesha lazima anywe maji. Hilo hata Ngiri alilijua, na Ngiri hakujua mambo mengi.

Asubuhi ya kwanza baada ya Bibi Kobe kutoka, Pimbi alibeba kibuyu akaenda Jicho la Maji. Akawakuta wanyama wamejipanga mlangoni. Mbele alikuwa Ngiri.

"Hodi," Ngiri akasema.

Kimya. Maji tu yalisikika ndani, chururu, chururu.

"Hodi."

Chururu.

"Hodi, wenyewe."

Chururu, chururu. Ngiri akageuka, akainua kibuyu chake kitupu, akaenda nyumbani. Wengine wakamfuata. Pimbi naye akarudi. Angefanyaje? Alilelewa vizuri.

Asubuhi ya pili ikawa vilevile. Hodi tatu, chururu tatu, vibuyu vitupu. Pimbi alilamba umande kwenye majani mpaka ulimi ukamuuma, na watoto wake walinyonya kwa muda mrefu zaidi na kushiba kidogo zaidi.

Asubuhi ya tatu wanyama hawakuondoka upesi. Walikaa chini mbele ya mlango, wakajadiliana.

"Nisikilizeni," Ngiri akasema. "Tuingie kinyumenyume. Anayeingia kinyumenyume anatazama nje. Anayetazama nje anatoka. Na anayetoka hapigi hodi."

Wanyama wakalipima jambo hilo. Wakaliona lina maana.

Nungunungu alikuwepo, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini. Wadogo walimwita shangazi. Akauliza, "Na akishakunywa, atatoka vipi?"

"Atatembea mbele, kama kawaida."

"Haitawezekana, baba. Kama alipoingia alikuwa anatoka, basi akitoka atakuwa anaingia. Anaingia nje, tena bila hodi. Na nje ni pa watu wote. Atawapigia hodi wangapi?"

Ngiri akakuna pua yake kwenye jiwe. Akasema hilo hakulifikiria.

Pimbi alikuwa anasikiliza maji. Hatua kumi tu kutoka pale alipokaa, maji yalikuwa yanatoka ukutani na kuingia ukutani, na hakuna aliyeyanywa. Akasema moyoni, "Maziwa yangu yakikauka, nitawaambia nini wanangu? Kwamba mama yenu alikuwa na adabu?"

Lakini hakuingia. Hodi tatu zilikuwa zimekwisha.

Sasa tumwache Pimbi kidogo, tumtazame Kima.

Kima hakuwa mtu wa hapo. Alitoka nchi ya miti mirefu, ambako nyumba hazina milango. Asubuhi ya nne alikuwa anapita juu ya vilima, koo limemkauka, akasikia chururu chini ya miguu yake. Akatafuta, akaona tundu juu ya jiwe, akajipenyeza. Likambana mgongo, likampaka chokaa, likamwachia. Akadondoka ndani ya pango, puu, pembeni mwa maji. Akainama, akanywa mpaka tumbo likalia kama ngoma.

Alikuwa bado ameinama aliposikia sauti nje.

"Hodi."

Kima akashtuka. Akajua amekamatwa. Akasema neno la kwanza lililomjia kinywani.

"Karibu."

Jamani, mngeona furaha ile. Wanyama waliingia kwa kusukumana, wakanywa, wakamshika Kima mkono mmoja mmoja.

"Shukrani, bwana," Ngiri akasema. "Kumbe nyumba imepata mwenyewe."

Kima akatazama ukuta wa kulia. Akatazama ukuta wa kushoto. Akamtazama Ngiri, akaona hatanii.

"Ndiyo," akasema. "Yangu hii. Futeni miguu."

Siku hiyo Pimbi alijaza kibuyu chake, na jioni watoto walishiba wakalala wamebebana. Yeye pia alilala.

Lakini asubuhi iliyofuata, alipopiga hodi, Kima alichelewa kuitikia. Alipoitikia, alikuwa ameegemea jiwe, mguu juu ya mguu.

"Karibu, Mama Watatu. Mbona unakuja kwangu na kibuyu kitupu? Kwenu mnatembeleana hivyo?"

Pimbi akaona aibu. Ni kweli, kwa mtu haendi mtu hivihivi. Akarudi nyumbani, akachukua mtama aliouweka akiba ya watoto watakapoota meno, akamletea. Wengine nao wakaleta: mihogo, asali, mbaazi, chungu, sufuria. Kima akavipanga ukutani.

Siku ya pili Kima akasema, "Karibu, Mama Watatu. Mtama nimeuona, ahsante. Lakini mwenye nyumba nalala kwenye jiwe tupu, na mgongo unaniuma. Wewe unalalia nini?"

Pimbi akaleta mkeka wake. Usiku ule yeye na watoto wakalalia majani.

Siku ya tatu Kima akamtazama, akasema:

"Karibu, Mama Watatu. Mkeka mzuri. Lakini humu ndani kuna joto mchana, na mimi nimechoka kujipepea. Una watoto watatu, si ndiyo?"

"Watatu, bwana."

"Kesho niletee mmoja akae hapa anipepee. Wawili wanakutosha. Usipomleta, usipige hodi. Nitakusikia, nitanyamaza."

Pimbi akainamisha kichwa, na alipoinamisha kichwa akaona chini, karibu na maji, manyoya machache ya kima na unga mweupe wa chokaa. Akainua macho, akaona tundu juu. Akamtazama Kima, akaona mgongo wake mweupe kama wa mtu aliyelalia unga. Mlangoni hapana unga huo. Pimbi aliujua mlango ule vizuri.

"Huyu aliingia kwa tundu," akasema moyoni. "Hakupiga hodi hata moja."

Alichota, akaaga, akatoka. Njia nzima alikuwa anabishana na nafsi yake. Akiwaambia wenzake, watamtoa Kima. Wakimtoa Kima, nani atawaambia karibu? Watarudi kukaa mlangoni, chururu ndani, vibuyu vitupu nje. Asipowaambia, kesho atampeleka mtoto. Yupi? Wa kwanza, anayecheka usingizini? Wa pili, mwenye sikio moja dogo? Wa tatu, ambaye bado hajafumbua macho sawasawa?

Akakaa juu ya majani, akaanza kukumbuka yote aliyofundishwa na mama yake kuhusu kwenda kwa watu. Mgeni anapiga hodi. Mgeni anavua viatu. Mgeni haulizi kinachopikwa. Basi. Kazi za mgeni ni hizo tu.

Na mwenye nyumba je? Anakaribisha. Anakalisha. Anauliza habari. Anawachotea wageni maji ya kunywa kwa mkono wake. Anapika, anapakua, yeye anakula mwisho. Anasindikiza.

Pimbi akahesabu tena. Akasimama. Mwenye nyumba ana kazi nyingi kuliko mgeni.

Na kulikuwa na jambo jingine alilolijua kila mtu, dogo, ambalo hakuna aliyewahi kulihitaji: mwenye nyumba akitoka, aliyebaki ndani ndiye anayeitikia hodi.

Akaenda kwa Nungunungu.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

Pimbi akamweleza yote, tangu manyoya hadi mtoto. Nungunungu akasikiliza mpaka mwisho, miiba yake ikisimama mmoja mmoja.

"Wewe unataka nifanye nini?"

"Nataka kesho utoke pangoni kabla ya wengine. Ukishatoka, panda juu ya jiwe, ukalie lile tundu."

"Nikalie tu?"

"Ukalie vizuri."

Jioni ile Pimbi akawapitia wanyama wengine, akawaeleza la kufanya. Kesho yake wote wakaja Jicho la Maji, lakini hakuna aliyebeba kibuyu. Walikuwa arobaini na mmoja, ukimhesabu na Kinyonga aliyefika wakati wengine wameshakaa. Pimbi alikuja na watoto wake, wote watatu.

"Hodi."

"Karibu," Kima akasema. Alipoona kundi zima limeingia, akainuka kidogo. "Nyie wote? Kunyweni basi mwende, mnanizibia hewa."

"Hatukuja kunywa, bwana," Pimbi akasema. "Tumekuja kukutembelea. Tangu uhamie hatujakutembelea, tukaona si vizuri."

Wakakaa chini wote arobaini na mmoja, wakakunja miguu. Wakamtazama Kima. Kima akawatazama.

"Habari za hapa?" Ngiri akauliza.

"Nzuri."

"Za tangu jana?"

"Nzuri, nimesema."

Chururu, chururu. Ngiri akakohoa kikohozi kile cha mtu mwenye kiu asiyetaka kusema.

"Si maji hayo hapo," Kima akasema. "Kanywe."

"Aa, bwana. Mgeni hajichotei."

"Mimi niwachotee nyote?"

Nungunungu akasema kwa sauti yake ya chini, "Au nyumba hii si yako, baba?"

Kima akachukua kata, akaanza kuchota. Kata moja kwa Ngiri. Ngiri akasema ahsante, akaomba ya pili. Kata tatu kwa kila mgeni, maana ni utovu wa adabu kukataa kinywaji cha mtu. Alipofika kwa Kinyonga mkono ulikuwa umekufa ganzi, na Kinyonga anakunywa polepole. Pimbi alikunywa kata zake tatu, akahisi maziwa yanashuka.

Kima akajibwaga kwenye mkeka. "Haya. Kwaherini."

Hakuna aliyeinuka. Ngiri alikuwa ananusa hewani.

"Nasikia harufu ya mtama," Ngiri akasema.

"Mtama mbichi hauna harufu."

"Basi labda umechelewa kuupika."

"Sina mpango wa kupika."

"Au nyumba hii si yako, baba?" Nungunungu akauliza.

Kima akawasha moto. Akapika mtama wa Pimbi, akapika mihogo, akapika mbaazi. Chungu kilikuwa kimoja na sufuria moja, wageni arobaini na mmoja, kwa hiyo alipika mara tisa. Moshi ulimwingia machoni. Akapakua, wakala, wakasifu. Ngiri alisema chumvi imepungua lakini hasemi kwa ubaya. Asali waliimaliza kwa vidole. Ilipofika zamu ya Kima kula, palikuwa pamebaki ukoko, na ukoko wenyewe ulikuwa ule mweupe wa chokaa.

Nungunungu akaaga, akatoka. Alisema kwake ni karibu, hakuna haja ya kumsindikiza. Kima akamshukuru kwa moyo wake wote.

Halafu Ngiri akainuka, akaaga, akasimama mlangoni. Akabaki amesimama.

"Mbona huendi?" Kima akauliza.

"Nakusubiri unisindikize."

"Wewe mkubwa hivyo unasindikizwa?"

Safari hii Nungunungu hakuwepo, lakini wanyama wote waliobaki wakauliza kwa pamoja, taratibu kabisa, "Au nyumba hii si yako, baba?"

Kima akavuta pumzi. "Mgeni anasindikizwa mpaka wapi?"

"Mpaka aone moshi wa kwao," Ngiri akasema.

Wakaondoka. Wageni wengine nao wakatoka, wakajipanga nje kwenye kivuli cha jiwe, wakisubiri zamu zao za kusindikizwa. Ndani alibaki Pimbi peke yake na wanawe, ananyonyesha. Mzazi anayenyonyesha hainuliwi, hilo halikuhitaji kuelezwa.

Kima na Ngiri wakatembea. Wakashuka kilima, wakapanda kilima. Kima akasema, "Moshi wa kwenu uko wapi?"

"Bado."

Wakashuka, wakapanda. Jua likawa la utosi, mawe meupe yakawaka. "Moshi uko wapi?"

"Bado, bwana."

Wakafika kwa Ngiri, kwenye shimo lake. Kima akazunguka shimo, akatazama juu, akatazama chini. "Hapa hapana moshi."

"Hapana," Ngiri akasema. "Mimi sijawahi kuwasha moto tangu nizaliwe. Sasa siwezi kukuacha urudi peke yako. Ngoja nikusindikize."

Wakarudi wote wawili hadi karibu na pango. Kima akashukuru. Ngiri akasema hapana ubaya, akasimama. Akabaki amesimama. Kima akaelewa, akataka kulia. Akamsindikiza tena. Ngiri akamsindikiza tena. Mara ya tatu Kima alikuwa anatembea kwa mikono na miguu, ulimi umemkauka kama ganda la muhogo, na ndipo Ngiri, ambaye miguu yake pia ilikuwa na mwisho, akaagana naye mbele ya pango na kuketi kivulini.

Kima akaenda moja kwa moja kwenye mlango.

"Bwana," mtu mmoja kwenye mstari akasema, "unaingiaje hivyo?"

"Kwangu?"

"Ndani kuna watu."

Kima akasita. Macho themanini kasoro mawili yalikuwa yanamtazama. Akazunguka nyuma kwa haraka, akapanda juu ya jiwe kulitafuta tundu lake. Akalikuta limejaa miiba. Juu ya miiba alikuwa amekaa Nungunungu, anashona mkeka.

"Umepotea, baba?" Nungunungu akauliza. "Mlango uko chini."

Kima akashuka. Akasimama mbele ya mlango. Wanyama wakasogea ili wasikie vizuri.

"Hodi," Kima akasema.

Ndani, Pimbi alikuwa amewalaza watoto kwenye mkeka wake. Aliisikia hodi hiyo. Akanyamaza.

"Hodi."

Chururu, chururu. Pimbi akamtazama yule wa tatu, ambaye angeweza kuchukuliwa akapepee watu. Akatazama mlango. Bado hodi moja, kisha desturi itafanya kazi yake yenyewe. Kima atageuka, atakwenda zake juani, na hakuna atakayemlaumu Pimbi kwa lolote. Hakuwa amefanya kitu. Alikuwa amekaa tu.

Nje Kima alikuwa anasikiliza maji. Pimbi aliyajua masikio yale. Yeye mwenyewe alikuwa nayo siku tatu pale mlangoni.

Hodi ya tatu ilichelewa. Ilipokuja ilikuwa ndogo, haikuwa na sauti ya kutosha hata kuitwa hodi.

"Hodi."

"Nani?" Pimbi akauliza.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Kima."

"Kima yupi? Kima mwenye nyumba?"

Hata Kinyonga, ambaye mambo humfikia kwa kuchelewa, aliinua kichwa.

"Kima mwenye kiu," Kima akasema.

"Karibu," Pimbi akasema.

Kima akaingia. Pimbi akachukua kata, akamchotea kwa mkono wake, kata tatu. Kima akanywa ameinamisha kichwa. Alipomaliza, akaufagia ukoko na majivu, akauosha ule mkeka sehemu aliyolalia yeye, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Wanyama waliokuwa nje nao wakapiga hodi, wakaingia. Walikuwa bado humo, wamekaa, hawajui nyumba sasa ni ya nani, waliposikia sauti ya polepole mlangoni.

"Hodi."

"Karibu," wakasema wote.

Akaingia Bibi Kobe. Mafuta ya harusi yalikuwa yamemkaukia gambani, vumbi limeshika juu yake.

"Shikamoo, bibi. Harusi ilikuwaje?"

"Sikufika," Bibi Kobe akasema. "Nilifika kwenye lile jiwe kubwa, nikakumbuka kitu, nikarudi."

Ngiri akasogea. "Bibi, afadhali umekuja. Tumeteseka. Umeiacha nyumba yako bila mtu wa kutuambia karibu."

"Nyumba yangu?" Bibi Kobe akageuza shingo. "Mimi ni kobe, mjukuu wangu. Nyumba yangu ninaivaa."

"Sasa hii ni ya nani?"

"Nitajuaje? Mimi nilikuja kunywa maji."

"Lini?"

"Zamani kidogo. Nikanywa funda la kwanza, nikapumzika. Nilipofika kwenye lile jiwe nikakumbuka kuwa sijamaliza."

Akateremka hadi kwenye maji, akainama, akanywa funda la pili.

"Lakini bibi," Pimbi akasema, na sauti yake ilikuwa imejaa siku zote zile za umande na vibuyu vitupu, "kama hapa si kwako, mbona miaka yote hiyo ulikuwa unatuambia karibu?"

Bibi Kobe akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Mtu akikupigia hodi na wewe uko ndani," akasema, "unamwambia nini?"



Tangu siku hiyo Jicho la Maji halikuwa na mwenye nyumba. Aliyetangulia kufika alimwitikia anayefuata, na anayefuata alimwitikia wa nyuma yake. Na yule wa kwanza kabisa asubuhi? Ngiri ndiye aliyelipatia dawa. Alipiga hodi tatu, akasikia kimya, akaingia kinyumenyume, akageuka, akajiambia, "Karibu," akatoka, akaingia tena vizuri. Wakaona hiyo inafaa.

Watoto wa Pimbi wakanyonya, wakaota meno, wakala mtama mwingine. Ndiyo maana hata leo ukipita kwenye mawe ya chokaa utamwona pimbi amekaa mlangoni mwa pango, anapiga kelele: anawaitikia watu. Na ukimwona kima anakunywa maji, mtazame. Kwanza anageuza shingo kulia, kisha anageuza kushoto. Anangoja mtu amwambie karibu.

Hadithi hii inatufundisha kwamba adabu iliwekwa ili mwenzako aingie ndani, haikuwekwa ili akae nje afe kwa kiu. Na maji yanayotoka ndani ya jiwe hayana mwenyewe. Ukiwa umeshafika, mwitikie anayekuja.

Hadithi yangu imekunywa, imeshiba, inaaga.

— Tuisindikize mpaka wapi?

Mpaka muone moshi wa kwenu.

— Na wewe?

Mimi bado funda moja.

— Karibu tena.